Vitamini D na kisukari: jua la Maposeni linasaidia nini na halisaidii nini

Leo naweka mada ya afya. Najua vijana wengi mkiona neno kisukari mnabofya kwingine, mnasema hayo ni mambo ya wazee. Vumilieni kidogo. Kila mmoja wetu ana mzee nyumbani, na wazee wakisikia habari ya dawa mpya wanatugeuzia sisi: "Hebu kaniangalizie huko kwenye mtandao kama ni kweli." Ukienda kuangalia bila kujua cha kuangalia, unarudi nyumbani na uongo uliochapishwa vizuri.

Habari inayozunguka huku kwetu Maposeni, upande wa Peramiho, ni hii: eti kisukari kinaletwa na kukosa jua, na mtu akimeza vitamini D ya kutosha anapona, anaachana na dawa za hospitali. Ndani ya maneno hayo kuna ukweli kidogo na kuna uongo unaoweza kuua mtu. Nimeamua kuvitenganisha, kipande kwa kipande, ili ukiulizwa uwe na la kujibu.

VITAMINI D NI KITU GANI?

Vitamini D ndiyo inayouwezesha mwili kuchukua madini ya kalsiamu na fosforasi kutoka kwenye chakula na kuyapeleka kwenye mifupa. Bila hiyo unaweza kunywa maziwa na kula dagaa kila siku, na sehemu kubwa ya kalsiamu ikapita tu. Mtoto akiikosa sana mifupa inakuwa laini, miguu inapinda, anapata matege. Mtu mzima akiikosa anapata maumivu ya mifupa, misuli inalegea, na akianguka ni rahisi kuvunjika.

Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1922 na mtaalamu wa Marekani, Elmer McCollum, aliyekuwa anachunguza mafuta ya ini la samaki na ugonjwa wa matege. Vitamini A, B na C zilikuwa zimeshapata majina, hii ikapewa herufi iliyofuata. Mwaka huo huo wa 1922, kule Toronto, Canada, mgonjwa wa kwanza wa kisukari alichomwa sindano ya insulini. Vitu viwili vilivyoanza kujulikana pamoja, na mpaka leo watu wanavichanganya.

INATENGENEZWAJE?

Vitamini nyingine unazipata kwa kula. Hii ni tofauti, kwani sehemu kubwa inatengenezwa na ngozi yako mwenyewe. Mionzi ya jua inayoitwa urujuanimno, aina ya B, ikigonga ngozi inabadilisha mafuta fulani yaliyomo humo na kuyafanya mwanzo wa vitamini D. Kutoka hapo inasafiri kwenye damu hadi kwenye ini, inabadilishwa mara ya kwanza. Kisha inakwenda kwenye figo, inabadilishwa mara ya pili, na hapo ndipo inakuwa tayari kufanya kazi.

Shikeni hiyo njia: ngozi, ini, figo. Mahali popote njia ikiharibika, vitamini D inapungua au inakaa bila kazi. Na mnajua kisukari kikikaa muda mrefu bila kudhibitiwa kinaharibu nini? Figo. Tutarudi hapo.

Jambo jingine kwa wana wa kafe. Kioo kinazuia karibu mionzi yote ya aina B. Ukikaa dirishani kuanzia asubuhi mpaka jioni unachati, jua linakupiga usoni kupitia kioo, unatoka jasho, lakini vitamini D unayotengeneza ni kama hakuna.

JUA LA KUSINI TUNALO

Songea iko kama nyuzi 10 na nusu kusini ya ikweta. Kuna njia rahisi ya kujua kama jua lina nguvu ya kutengeneza vitamini D: angalia kivuli chako. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, jua liko juu vya kutosha. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini na kazi hiyo inafanyika kidogo sana.

Huku kwetu, hata mwezi wa sita ambapo baridi inatutoa machozi, kivuli kinakuwa kifupi kuliko mtu kuanzia kama saa nne na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu mchana. Maana yake hakuna mwezi ambao Maposeni inakosa jua la vitamini D. Linganisheni na London mwezi wa kumi na mbili, ambapo saa sita mchana jua linakuwa limeinama karibu na paa za nyumba. Ndiyo maana serikali ya Uingereza tangu mwaka 2016 inawashauri watu wake wafikirie kumeza yuniti 400 za vitamini D kila siku wakati wa baridi.

Ushahidi wa kwamba jua letu linafanya kazi upo, tena wa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25, watu wanaoishi maisha ya asili, nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, sawa na nanogramu 46 kwa mililita. Kiwango ambacho wataalamu wengi wanasema kinatosha kwa karibu kila mtu ni nanomoli 50, yaani nanogramu 20. Hao ndugu zetu walikuwa na zaidi ya mara mbili, bila kidonge hata kimoja. Ngozi nyeusi inachukua muda mrefu zaidi kutengeneza vitamini D kwa sababu ya rangi yake, lakini wameonyesha kwamba ukiwa nje vya kutosha, unapata.

Lakini msidhani kuishi Afrika tu ni chanjo. Huko Nairobi, katika makazi ya Korogocho, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta watoto wenye matege yaliyosababishwa na upungufu wa vitamini D. Jua la Nairobi lipo, ila nyumba zimebanana, watoto wanashinda ndani, chakula ni shida. Na Wasomali waliohamia Sweden, Norway na Finland, hasa akina mama wanaojifunika, wamepimwa mara nyingi na kukutwa na viwango vya chini sana. Suala siyo jua kuwepo angani. Suala ni jua kufika kwenye ngozi.

KWA NINI MWENYE KISUKARI ANAWEZA KUWA NAYO KIDOGO?

Hapa ndipo mada inaposhika moto. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo kutoka kaunti ya Meru, Kenya, sehemu ya mashamba na milima, siyo tofauti sana na kwetu. Walipima wagonjwa wa kisukari aina ya pili na watu wasio na kisukari. Kwa wagonjwa, karibu 4 kati ya 10 walikuwa na upungufu wa vitamini D. Kwa wasio wagonjwa, ilikuwa kama 2 kati ya 10.

Mtu akisoma hapo haraka haraka atasema, basi, upungufu ndio unaoleta kisukari. Taratibu. Siku ya mvua wenye miavuli ni wengi, lakini mwavuli hauleti mvua. Ziko sababu kadhaa zinazoweza kumfanya mgonjwa awe na vitamini D kidogo BAADA ya kuugua, au sababu moja ikaleta vyote viwili:

1. Unene. Vitamini D inapenda mafuta. Mtu mwenye mafuta mengi mwilini, sehemu kubwa inajificha humo na kwenye damu inabaki kidogo. Na unene huo huo ndio unaochangia kisukari aina ya pili.

2. Kukaa ndani. Mtu mwenye kidonda mguuni, au macho yameanza kufifia kwa sababu ya sukari, haendi tena shamba. Anashinda kitandani au barazani kivulini.

3. Figo. Nimewaambia hatua ya mwisho inafanyika kwenye figo. Figo zikichoka kwa sababu ya sukari, hata vitamini iliyopo haiwashwi.

4. Umri. Ngozi ya mzee inatengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana kwa jua lile lile.

5. Dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa zinaufanya mwili uharibu vitamini D haraka. Na mwenye kisukari ana hatari ya kupata kifua kikuu kama mara tatu ya mtu mwingine, kwa hiyo wapo wanaokuwa na yote mawili.

UPUNGUFU UNAMFANYA NINI MGONJWA WA SUKARI?

Cha uhakika kabisa ni mifupa na misuli. Mwenye kisukari tayari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvunjika mfupa kuliko mtu wa umri wake asiye na kisukari. Haoni vizuri, miguu imekufa ganzi, mara sukari inashuka ghafla anapata kizunguzungu, anaanguka. Ukiongeza misuli iliyolegea na mifupa laini kwa kukosa vitamini D, umemwongezea mzigo juu ya mzigo. Bibi aliyevunjika nyonga kijijini, wengi mnajua mwisho wake.

Cha pili ni kuchanganya dalili. Maumivu ya miguu na uchovu wa misuli wa upungufu wa vitamini D unaweza kudhaniwa ni mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari. Na kuna vitamini nyingine inayoingia hapo katikati, yaani B12. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wanatumia, kikitumiwa miaka mingi kinaweza kupunguza B12 mwilini, na upungufu wake unaleta ganzi na kuchomachoma miguuni. Kwa hiyo mzee akisema miguu inawaka moto, usikimbilie kusema ni vitamini D au ni sukari tu. Amwambie daktari anatumia metformini tangu lini. Swali dogo hilo linaweza kuokoa miguu.

Cha tatu ni sukari yenyewe. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini zina sehemu za kupokea vitamini D. Hilo ni kweli, na ndipo wauza vidonge wanapoanzia hotuba yao. Wanasayansi nao walianzia hapo hapo, wakauliza: je, tukimpa mtu vitamini D, sukari itashuka?

JE, VIDONGE VINAPONYA?

Kabla ya majibu yao niwape kisa cha nyumbani. Mwezi wa saba mama yangu mdogo, ambaye ana kisukari miaka kadhaa sasa, alinunua kichupa gulioni. Muuzaji alimwambia ni "nguvu ya jua", na kwamba aache vidonge vya hospitali kwanza ili dawa zisigombane. Akaacha. Siku ya sita alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, usiku halali, anakwenda chooni. Tulipompeleka kupimwa, mashine ilisoma 21. Nikasoma kile kichupa: vitamini D, yuniti 5,000, basi. Hakikuwa sumu. Kilichompeleka pabaya ni ile kauli ya kuacha dawa.

"Mwanangu, lakini si ni vitamini? Vitamini inadhuru?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mama, vitamini haikukudhuru. Umekaa siku sita bila dawa yako."

Amerudi kwenye metformini na sukari imetulia. Sasa twende kwenye majaribio yenyewe.

Jaribio kubwa lilifanyika Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2019. Walichukua watu 2,423 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia kisukari, tuwaite watu wa mpakani. Nusu walipewa yuniti 4,000 za vitamini D kila siku, nusu wakapewa kidonge kitupu kinachofanana, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Baada ya miaka kama miwili na nusu, waliopata kisukari upande wa vitamini D walikuwa 293, upande wa kidonge kitupu 323. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu.

Mwaka 2023 wataalamu waliunganisha majaribio matatu ya namna hiyo, la Marekani, la Norway na la Japan, jumla ya watu zaidi ya 4,000 wa mpakani. Walikuta vitamini D inapunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 15. Asilimia 15 inasikika kubwa, sivyo? Kwa hesabu ya mtaani ni hivi: kati ya watu 100 wasiopewa, 25 walipata kisukari. Kati ya 100 waliopewa, karibu 23. Umeokoa wawili. Ni kitu, lakini siyo muujiza. Kupunguza uzito na kutembea kila siku kumeonyesha faida kubwa kuliko hiyo katika majaribio mengine. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa homoni cha Marekani kilipendekeza watu wa mpakani wenye hatari kubwa wapewe vitamini D, tena PAMOJA na mazoezi na chakula bora.

Angalieni vizuri hao ni kina nani: watu ambao BADO hawajaugua. Kwa mtu ambaye tayari ana kisukari, ushahidi ni dhaifu zaidi. Kwa baadhi ya wenye upungufu mkubwa sukari imeshuka kidogo, kwa wengine haikushuka. Chama cha kisukari cha Marekani hakishauri vitamini D kama dawa ya kushusha sukari kwa mgonjwa asiye na upungufu. Na kwa kisukari aina ya kwanza, ambacho kinawashika watoto na vijana, kongosho limeacha kutengeneza insulini. Huyo akiacha insulini kwa ajili ya kidonge chochote, tunazungumzia siku chache tu za kuishi. Hapo hakuna mjadala.

Sisi Watanzania tuna funzo letu pia. Dar es Salaam watu wazima 4,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waliokuwa wanaanza dawa na wenye vitamini D kidogo, walishiriki jaribio kubwa la vitamini hii. Matokeo yalitoka mwaka 2020: haikupunguza vifo wala kifua kikuu. Ilikuwa na matumaini makubwa kabla ya kupimwa. Ndiyo maana napenda kitu kipimwe kwanza, halafu ndiyo tukitangaze.

VIDONGE VIKIZIDI

Jua haliwezi kukuzidishia vitamini D, kwa sababu ngozi ikishatengeneza ya kutosha inaanza kuibadilisha ziada kuwa kitu kisicho na kazi. Kidonge hakina breki hiyo. Kiasi cha kawaida kwa mtu mzima ni yuniti 600 kwa siku, mwenye zaidi ya miaka 70 yuniti 800, na kikomo ambacho mtu asipite bila kusimamiwa na daktari ni yuniti 4,000.

Ukipitisha sana kwa muda mrefu, kalsiamu inapanda kwenye damu. Dalili zake: kiu kali, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na figo kuumia. Someni tena hizo mbili za mwanzo. Kiu na kukojoa ndizo dalili zile zile za sukari iliyopanda! Mgonjwa anaweza kudhani sukari imepanda, akaongeza vidonge vya vitamini, akajizamisha. Na figo, ambazo kisukari kilikuwa kinazitafuna polepole, zinapata pigo la pili. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse vitamini D ya dukani kabla ya kuongea na daktari, kwani wengine wanahitaji aina tofauti iliyokwisha kuwashwa, inayotolewa kwa vipimo.

CHAKULA CHA KWETU

Ugali, maharage na mboga za majani ni vizuri, ila vitamini D humo haimo. Ilipo ni hapa:

- Samaki wenye mafuta na dagaa. Usipa wa Ziwa Nyasa wanaofika kwetu kutoka Mbamba Bay wanaliwa wazima na mifupa yake, kwa hiyo unapata na kalsiamu.
- Kiini cha yai na maini, kwa kiasi kidogo.
- Uyoga ulioanikwa juani. Hili wengi hawalijui. Uyoga nao una mafuta yake ambayo jua linayageuza kuwa vitamini D, kama ngozi yetu inavyofanya. Mvua zikianza na akina mama wakitoka porini na vikapu, uanikeni juani upande wa chini ukiangalia juu, kisha uhifadhini. Uyoga uliokaushwa jikoni kwa moshi haupati faida hiyo.

Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Jua ndilo tegemeo.

JUA KIASI GANI, NA NANI AWE MAKINI

Kwa mtu mweusi asiye na tatizo la ngozi, kutembea au kufanya kazi nje mchana wakati kivuli ni kifupi, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, kunatosha wengi. Huhitaji kujianika kama mahindi. Kama mzee wako hawezi kutembea, mtoe nje kwenye kiti, mikono wazi, mpe maji ya kunywa, na mrudishe kabla hajachoka. Akitembea ni bora zaidi, kwa sababu kutembea kwenyewe kunashusha sukari. Hapo unapiga ndege wawili kwa jiwe moja.

Tahadhari tatu:

Kwanza, ndugu zetu wenye ualbino. Ushauri wa kukaa juani hauwahusu hata kidogo. Ngozi yao inatengeneza vitamini D kwa jua dogo sana, na jua kali linawaletea saratani ya ngozi. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli, kama kawaida.

Pili, miguu. Mgonjwa wa kisukari asitembee peku juani. Mchanga wa saa saba mchana unaunguza, na mwenye ganzi hasikii mpaka aone malengelenge.

Tatu, moto wa jioni. Hii ni ya kwetu hasa. Mwezi wa sita na wa saba tunaota moto jikoni, na mzee anasogeza miguu karibu kwa sababu "haisikii joto". Haisikii kwa sababu mishipa imekufa ganzi. Anaungua hivi hivi anapiga hadithi. Kidonda cha namna hiyo kwa mwenye sukari kinaweza kuishia mguu kukatwa. Msogezeeni kiti nyuma, mvalisheni soksi, mwangalieni nyayo kila jioni.

KUPIMA

Kipimo cha vitamini D ni cha damu na kinafanyika kwenye maabara kubwa, zahanati zetu usizitegemee kwa hilo. Wataalamu hawashauri kila mtu apimwe. Kina maana kwa mwenye maumivu ya mifupa yasiyoeleweka, mwenye ugonjwa wa figo, au anayevunjika kirahisi. Ukipewa jibu, angalia limeandikwa kwa kipimo gani: nanogramu zidisha kwa mbili na nusu upate nanomoli. Chini ya nanogramu 12 ni upungufu wa kweli, 20 na kuendelea inatosha wengi.

Kipimo ambacho mzee wako anakihitaji zaidi ni cha sukari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uchunguzi wa vijiji vya Tanzania ulikuta wenye kisukari ni chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyopanda. Hatukuacha jua katikati ya miaka hiyo. Tulichobadilisha ni soda, mafuta, uzito na kukaa kitako, nikiwemo mimi niliyekaa hapa nachapa.

KWA HIYO UKIULIZWA NYUMBANI

Jibu fupi la kumpelekea mzee ni hili:

1. Jua na dagaa ni vizuri kwa mifupa yako, mwenye kisukari na asiye nacho.
2. Ukiwa na kisukari na unashinda ndani, unaweza kuwa na upungufu. Mwambie daktari, hospitali ya Peramiho au ya mkoa pale Songea.
3. Ukipewa vitamini D na daktari, imeze PAMOJA na dawa zako za sukari.
4. Mtu yeyote anayekwambia uache metformini au insulini ili dawa yake ifanye kazi, usinunue kwake kitu, hata kama ni kizuri kiasi gani.
5. Hela ya kichupa ingeweza kununua vijiti vya kupimia sukari. Nunua hivyo.

Kama kuna muuguzi au daktari anapita hapa, karibu uongezee nilipoacha. Na wewe ambaye muda wako wa kafe unakaribia kuisha, nakili hizo namba tano kwenye karatasi au kwenye simu kabla hujatoka. Mzee wa kumsomea yupo.

Tuko pamoja.